Jembe la Kwanza

Lugembe alipiga jembe la kwanza saa mbili na robo asubuhi, mbele ya kamera tatu, na mkewe Kabula, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kichwani, akajua papo hapo kwamba wamekwisha.

Wageni walipiga makofi. Walikuwa wanane, wenye kofia pana na glavu mpya, nao walikuja kwa siku tatu kutengeneza kipande cha njia ya zamani ya misafara kinachokatiza shamba la Lugembe, nje kidogo ya Puge. Kiongozi wao, Nasri, kijana wa Ng'ambo pale Tabora mjini, mtoto wa fundi cherehani, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba wiki nzima akieleza. Hawa ni watu wa kujitolea, alisema. Wanasafiri nchi nzima, wakifika mahali wanang'oa miiba, wanapanga mawe kwenye makorongo, wanaweka vibao, ili watalii waje kutembea walikopita wapagazi. Hawalipwi. Tena nauli wanajilipia wenyewe. Aliposema hilo la nauli ndipo watu walipomwona mwongo. Nani atoe nauli yake Dar es Salaam aje kushika jembe Puge?

Lakini walikuja, na kabla ya kuanza Nasri akataka picha. "Mzee Lugembe, wewe ndiye mwenye eneo. Tufungulie kazi." Akamkabidhi jembe lililofungwa utepe wa kijani. Na Lugembe, mwanamume ambaye hata kwenye kikao cha shule hukaa nyuma ya nguzo asiulizwe kitu, akaomba asubiriwe kidogo, akaingia ndani, akavaa koti alilofungia ndoa, akarudi, akatema mate viganjani, akapiga.

Sasa, kitongojini kwao jembe la kwanza si jambo la picha. Mtu akizidiwa na shamba hupiga jembe la kwanza mwenyewe, hadharani, na huo ndio mwaliko wake. Kikundi cha kulima kinakuja na ngoma, kinafanya kazi bure mpaka iishe, hakidai hata kikombe cha uji. Kazi ikiisha, aliyepiga jembe la kwanza anachinja. Palizi ya asubuhi moja, mbuzi. Kazi ya siku tatu, ng'ombe. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na Kabula hakumkumbuka mtu hata mmoja aliyewahi kuivunja akabaki na sura ya kwendea sokoni.

Alikuwa hajatua ndoo aliposikia ngoma. Ngollo, kiongozi wa kikundi, alitokea kwenye mihogo akiwa ameivaa ngoma yake shingoni, na nyuma yake watu wamebeba majembe begani, wanawake kwa wanaume, wakiimba.

"Mwangaluka, Mama Fikiri!" aliita Ngollo kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Mumeo ana kazi, anaita watu wa Dar es Salaam. Sisi tumekufa?"

"Mwangaluka, shemeji. Ile haikuwa kazi yake, ile ni..."

"Tumeona wote," alisema Ngollo. "Na koti tumeliona."

Kabula aliwahesabu walipokuwa wakipita. Walikuwa arobaini na mmoja. Nyumbani kwake walikuwapo mbuzi wawili waliokonda mpaka ukiwatazama unawahurumia, na ng'ombe wawili wa kulimia, Kahama na Igunga. Mbuzi wale kwa watu arobaini na mmoja ni matusi. Igunga alikuwa mzee, meno yameisha. Alibaki Kahama.

Nasri naye hakuamini macho yake. Katika vijiji vyote walivyopita, wenyeji walikuwa wakikaa kivulini kuwatazama wageni wakitoka malengelenge. Hapa wamekuja wenyewe, na ngoma juu! Alikimbia huku na huku na simu yake akirekodi. "Huu ndio ushirikishwaji wa jamii!" aliwaambia wenzake, machozi yakimlengalenga. "Andikeni hii!"

Mchana wageni walipika wali na maharage, wakawakaribisha wote. Ngollo alishukuru, akakataa kwa niaba ya watu wake. "Kazi hailiwi katikati," alisema. "Tutakula ikiisha."

"Watu wa ajabu hawa," alisema Nasri kwa heshima kubwa, akajipakulia.

*

Jioni Lugembe alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Alilitundika koti ukutani taratibu, akalinyoosha mabega, akakaa. Kabula alimwekea ugali na mlenda mbele yake, akasimama.

"Walinipa jembe," alisema Lugembe, kabla hajaulizwa.

"Nimeona."

"Lina utepe."

"Nimeuona."

"Ningekataaje mbele za watu, Mama Fikiri? Kijana ananiambia mzee fungua kazi, nimwambie nina shughuli?"

"Ungesema jembe apige yeye. Yeye ana glavu."

Lugembe alimega tonge, akalizungusha vidoleni muda mrefu kuliko linavyohitaji. Kabula alimfahamu mumewe. Hakuwa mtu mbaya, wala mlevi, wala mvivu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alikuwa radhi kulala njaa mwaka mzima kuliko kusemwa siku moja. Na ugonjwa huo huwala wake pamoja na waume zao.

"Itabidi nimchinje Kahama," alisema.

"Mvua zinakuja."

"Najua."

"Utalima na nini? Igunga peke yake? Au utanifunga mimi nira?"

"Sasa unataka nifanye nini? Watu wachimbe siku tatu kwenye shamba langu, waondoke na midomo mikavu? Nitapita wapi? Watoto wangu watapita wapi?" Akaisukuma sahani pembeni. "Ng'ombe ni wangu. Nimeshasema."

Kahama alizaliwa mwaka wa ukame, mama yake akafa siku hiyohiyo, na aliyemnywesha maziwa kwa chupa ya soda miezi mitatu alikuwa Kabula. Aliyemfundisha nira alikuwa Kabula. Tangu Lugembe aumie mgongo, aliyeshika plau nyuma yake kila msimu alikuwa Kabula, na Lugembe hutangulia mbele akiwaongoza ng'ombe kwa fimbo na kuwasalimia wapita njia. Kitongoji kizima kilikuwa kinaona. Kitongoji kizima kilisema ng'ombe wa Lugembe. Alitoka akaenda zizini, na huko, bila kutaka, akalia.

*

Kesho yake alijifunga khanga ya heshima akaenda kumtafuta Nasri. Alimkuta korongoni, anapanga mawe na dada mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Adelina, mfanyakazi wa benki, aliyekuwa amechoka mpaka anacheka peke yake.

"Shikamoo, mama," alisema Nasri.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwaomba mnipe ng'ombe wangu."

Nasri alitazama nyuma yake, kana kwamba kuna ng'ombe aliyemkanyaga. Kabula akamweleza yote kuanzia jembe mpaka Kahama. Kadiri alivyoeleza, ndivyo uso wa Nasri ulivyozidi kushuka. Mwisho akaketi juu ya jiwe alilokuwa analipanga.

"Kwa hiyo hawajajitolea?"

"Wamejitolea. Halafu wanakula."

"Mama, bajeti yetu ina glavu, ina vibao, ina rangi, ina dawa ya malengelenge. Haina fungu la ng'ombe." Akafikiri. "Tuna vyeti. Kila mshiriki nitampa cheti chenye jina lake."

"Cheti kinachemshwa?"

Adelina alicheka kwa sauti, kisha akaona Kabula hacheki, akanyamaza. Alisema wangeweza kuchangishana wao wanane, wanunue ng'ombe mwingine. Nasri akatikisa kichwa. Kuna mwongozo, alisema, kila mtu aliutia saini: hakuna kutoa chochote kijijini, maana ukitoa mahali pamoja, huko mbele hawatakuja kufanya kazi wakisubiri kupewa. Wakiwa bado wanabishana, akaja mzee Adriano, Mwitaliano mstaafu aliyeiva kwa jua mpaka masikio. Alipotafsiriwa kwamba ng'ombe atachinjwa kwa ajili ya kazi yao, alishika kichwa. Yeye hali nyama, alisema. Hata ya kuku. Miaka ishirini sasa.

"Pole, baba," Kabula alimwambia kwa huruma ya kweli. "Tumbo?"

Nasri, kwa vile alikuwa mtoto wa watu na aibu ilikuwa imemwingia, alikwenda mwenyewe kumweleza Ngollo. Kabula alisimama mbali kidogo akisikiliza.

"Mzee wangu, pale hakukuwa na mwaliko. Mzee Lugembe tulimweka tu kama mgeni rasmi."

Ngollo aliacha kupiga ngoma. Na waimbaji wakanyamaza. "Mgeni rasmi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwenye shamba lake mwenyewe?"

Kikundi kilicheka mpaka mmoja akaegemea jembe. Kutwa nzima, kila Lugembe alipoinama kuokota jiwe, walimwita hivyo: mgeni rasmi, tupishe; mgeni rasmi, maji hayo. Lugembe alicheka nao, lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa, na Kabula akajua kwamba sasa hata ukimwekea bunduki atachinja.

*

Siku ya tatu, saa sita mchana, kibao cha mwisho kilisimikwa. Lazima isemwe kweli: njia ilipendeza. Miiba imeondoka, korongo lina ngazi za mawe, na kwenye mwinuko umewekwa ubao wa kukalia, ambao mbuzi wa Kabula walikuwa wa kwanza kuupanda. Wageni walipigana picha. Kikundi hakikupiga picha. Kilinawa mikono, kikaja kuketi uani kwa Lugembe, safu mbili, kimya, kwa adabu zote za watu wanaosubiri haki yao.

Kahama alikuwa amefungwa kwenye kigingi, anatafuna mabua. Lugembe alikuwa amevaa koti. Alishika kisu upande wa makali, akauelekeza mpini kwa Nasri.

"Mwanangu, wewe ni Mwislamu. Chinja, watu wote wale."

Rangi ilimtoka Nasri. Ni kweli alikuwa Mwislamu, na ni kweli kwamba nyama ya hadhara huchinjwa hivyo ili asibaguliwe mtu. Lakini nyumbani kwao Ng'ambo kuku huletwa na mchinjaji akiwa tayari kwenye mfuko, na yeye hukaa chumbani mpaka anukie. Alikipokea kisu kama anavyopokea mtu mtoto mchanga aliyelowa. Mzee Adriano alikuwa amegeuka ukutani.

"Nielekee wapi?" aliuliza Nasri kwa sauti nyembamba.

"Kibla unaniuliza mimi?" alisema Lugembe.

Hapo Kabula akatoka jikoni. Alikuwa na majivu mikononi. Wanawake hawasemi kwenye shughuli ya kuchinja, na yeye alilijua hilo.

"Nasri, mwanangu, kabla hujaanza. Hivi njia hii inaishia wapi?"

Hakuna aliyewahi kuulizwa swali akalifurahia namna ile. Nasri alikiweka kisu chini upesi, akasimama wima, akaanza. Aliwatoa wapagazi Ujiji, akawavusha Malagarasi, akawapumzisha Tabora siku kadhaa, akawapitisha hapohapo uani kwa Lugembe na pembe za ndovu begani, akawapeleka Ugogo kwenye kiu, akawapandisha milima, na hakuwa na haraka yoyote. "Mpaka," alisema mwisho, akifuta jasho, "Bagamoyo. Baharini."

"Ni mbali?"

"Kilomita mia nane na ushee, mama."

"Na ninyi mmetengeneza ngapi?"

"Mbili na nusu."

Kabula alimgeukia Ngollo. "Shemeji, wewe ndiye unayejua mambo haya. Juzi wageni walikuletea wali, ukasema kazi hailiwi katikati. Nilikusikia vibaya?"

Ngollo alimtazama. Kisha akamtazama Kahama kuanzia kwato hadi nundu, muda mrefu. "Hukusikia vibaya."

"Basi jembe mume wangu amelipiga, hakatai, na ng'ombe yupo, mnamwona. Njia ikifika Bagamoyo, mje tumle."

Uani akasikika Kahama akitafuna. Halafu mwanamke mmoja wa kikundi, wa safu ya nyuma, akapasuka kicheko, na kicheko kikapita safu nzima. Mzee mmoja alipiga paja lake akirudia, "Bagamoyo! Anatupeleka Bagamoyo huyu!" Wengine hawakucheka hata kidogo. Kijana mmoja alisimama akasema huu ni uhuni, wamechimba siku tatu kwa matumbo matupu, na alikuwa na haki ya kusema hivyo.

"Kaa chini," Ngollo alimwambia. "Desturi ni desturi. Kazi haijaisha."

"Lakini hamwondoki na njaa," alisema Kabula. Akarudi jikoni, na yeye na Adelina wakatoka wamebeba sufuria kubwa, wakarudi, wakaleta nyingine. Ilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa kwa karanga. Michembe ilikuwa ya kuwafikisha mavuno. Karanga zilikuwa mbegu. Alikuwa amezimenya tangu alfajiri, mikono ikikataa, na sasa hakujua atapanda nini kwenye kile kipande cha mchanga. "Hii si ya kumaliza kazi. Hii ni ya njiani, walivyokuwa wanakula wapagazi. Karibuni."

Wakala. Nasri alikula zaidi ya wote. Kabla wageni hawajapanda gari alimpa Kabula cheti, jina lake limeandikwa kwa kalamu nyekundu, na Kabula akakipokea kwa mikono miwili, maana si kosa la kijana wa watu.

Lugembe hakuonja kitu. Alikaa kwenye kigoda na koti lake hadi uani pakawa peupe. Siku nne hakumsemesha mkewe zaidi ya kuomba chumvi. Alikuwa amenusurika na alikuwa ameumia, na hakujua aanze na lipi. Sokoni watu walimwita Bwana Bagamoyo.

*

Mvua ilinyesha siku ya tano, mchana kutwa, mvua ya maana. Kesho yake asubuhi ardhi ilikuwa laini na kila nyumba yenye ng'ombe ilikuwa inatafuta kamba. Kabula alikuwa anatoa nira alipomwona Ngollo anakuja mkono mtupu, bila ngoma, anavyokuja mtu mwenye shida.

"Mwangaluka, Mama Fikiri."

"Mwangaluka, shemeji. Kwema?"

"Kwema kiasi. Dume langu limechomwa na mti kwato, halisimami. Nimebaki na mmoja." Alikwangua tope kwenye ndala yake, akamaliza, akakwangua ndala ya pili. "Nilikuwa naomba Kahama. Siku mbili tu."

Kabula aliweka nira chini. Maneno yalimjaa mdomoni mengi, yote matamu.

"Yule wa juzi?" alisema. "Shemeji, kama ungemla, leo ungefunga nira mifupa?"

Ngollo alicheka kidogo, akatazama pembeni. "Unadhani mimi sijui Bagamoyo ilipo? Nilipata maneno ya kukujibu, Mama Fikiri. Ningekujibu. Lakini nilimtazama yule ng'ombe miguu, nikakumbuka shamba langu."

Mlango ulilia nyuma yao. Lugembe alitoka na shati la kazini, macho bado ya usingizi, akawa amesikia. Ngollo, kwa kuwa mambo ya ng'ombe huongewa na wanaume, alimwacha Kabula akamgeukia yeye.

"Bwana Lugembe, nimekuja kukuomba ng'ombe wako."

Lugembe alivuta pumzi. Kabula aliona mabega yanapanda kama yalivyopanda mbele ya zile kamera, akaona na mkono unaanza kunyooka kuelekea zizini, mkono wa mtu anayetoa. Katikati ya njia mkono ukasita. Lugembe aliutazama kama si wake. Akaushusha.

"Mimi sina ng'ombe," alisema. "Nina fimbo tu ya kuongozea. Mwenyewe huyo hapo, muombe yeye."

Ngollo aligeuka tena, polepole. Akavua kofia yake. Kabula alitaka kusema jambo la kuchekesha, akakuta macho yamejaa, na wanaume wote wawili wamesimama kwenye tope wanamsubiri yeye. Ikambidi ajifanye anakaza fundo la kamba lililokuwa limekaza tayari.

"Siku mbili," alisema alipoweza. "Lakini plau nashika mimi."